Kila Mmoja Alimngoja Mwenzake Aruke

Kama mapenzi yenu yamepinda kidogo, poleni, ndiyo maana tunakutana hapa kila mwezi. Leo nawapeleka baharini, kwa hiyo kaeni mkao wa kula.

Yote haya yameanzia saluni. Shosti wangu mmoja alikuja na jarida lenye picha za Barbados. Jamani, kulikuwa na picha! Mtu na mpenzi wake wanapiga kasia kwenye kayaki, wengine wamevaa miwani ya kuzamia wanatazama samaki wa rangi zote, wengine wanaendesha baiskeli kwenye mchanga mweupe kama sukari. Shosti akashusha pumzi ndefu, akasema, "Mwenzangu, wiki moja tu Karibiani na ndoa yangu ingepona."

Nikacheka mpaka msusi akanifinya sikio. Nikamwambia, "Wewe, Karibiani yako iko Tanga, unakwenda kwa basi na hudaiwi viza. Ila kupona kwa ndoa ni habari nyingine." Ndipo nikamsimulia mkasa ambao sikuwahi kumwambia mtu. Alipomaliza kucheka na kufuta machozi akasema lazima niuandike. Baba watoto ameshatoa ruhusa, kwa hiyo msinipigie simu kunionea huruma.

Ilikuwa Oktoba 2023. Ndoa yetu ilikuwa na miaka kumi na moja, na kama nikisema ukweli ilikuwa imefika mahali pa ajabu. Hatukuwa tunagombana wala hakukuwa na nyumba ndogo. Tulikuwa tu kama wapangaji wawili wanaogawana bili. Asubuhi ni ada ya shule, mchana ni meseji ya umeme umekwisha, usiku ni gesi na nani atampeleka mtoto kliniki. Mapenzi yalikuwa yamelala fofofo. Basi baba watoto akapata likizo, mimi nikawa na vijisenti vya upatu, watoto tukawapeleka kwa bibi yao. Tukasema tukapumzike Tanga, kwetu mimi, mtoto wa Ngamiani.

Sasa hapa lazima niwarudishe nyuma kidogo. Wakati tunachumbiana, jioni moja tulikuwa Coco Beach tunakula mihogo ya kukaanga. Yeye akaangalia bahari, akavimba kifua: "Mimi mtoto wa Mwanza bwana, nimekulia ziwani, naogelea kama samaki." Na mimi nisikubali kushindwa, nikajibu, "Mimi binti wa Tanga, nimezaliwa baharini. Tukishindana nitakuacha nyuma."

Wapenzi wasomaji, zile zilikuwa fiksi tupu. Zangu nilizijua. Zake sikuzijua.

Najua mtashangaa, mtu wa Tanga asijue kuogelea? Wenzangu mliozaliwa pwani mtanielewa. Kaka zangu walikuwa wakitoka madrasa wanakimbilia Raskazone, wanaruka majini mchana kutwa na hakuna aliyewauliza kitu. Sisi wasichana tulikwenda ufukweni na nguo zetu, tunalowesha miguu, tunaokota kome maji yakipwa, tunarudi nyumbani. Ukizidisha unaulizwa umefuata nini majini. Kwa hiyo nilikua nayajua majina ya samaki, najua maji yanajaa saa ngapi, mchuzi wa nazi naupika ukalia, lakini kuelea tu sijui.

Kwa miaka kumi na moja tulikwenda beach mara kibao. Mimi siku zote nywele zilikuwa zimesukwa jana. Yeye siku zote alikuwa anaangalia mabegi. Na hakuna kati yetu aliyeshtuka! Kila mmoja alishukuru Mungu mwenzake hajamwomba waingie.

Haya, tukafika Tanga tukiwa na mfuko wa machungwa ya Muheza. Siku mbili za kwanza zilikuwa raha mstarehe. Tanga ni mji wa baiskeli, barabara zake tambarare na miti yake ina kivuli, basi tukakodi mbili. Baba watoto kumbe anapenda baiskeli! Tulizunguka mjini, tukashuka hadi Raskazone jioni jua linazama, tukakaa kuangalia Kisiwa cha Toten kule ng'ambo ya bandari. Alinishika bega. Nikajisemea, ohoo, dawa imeanza kufanya kazi.

Kesho yake tulikwenda mapango ya Amboni, kiasi cha kilomita 8 kaskazini ya mji, njia ya kwenda Mombasa. Mle ndani ni giza totoro na popo wanapita juu ya kichwa. Ukitaka mtu akushike mkono bila kumwomba, mpeleke Amboni. Alinishika mkono tangu mlangoni hadi tulipotoka, na sijui nani alikuwa anamtuliza nani.

Siku ya tatu tukaelekea Pangani. Njiani tukasimama Tongoni, kwenye msikiti wa kale na makaburi yenye minara ya mawe, ya tangu karne ya 14 na 15. Pwani hiyo hiyo, mwaka 1498, Wareno wa Vasco da Gama walikwama. Jahazi lao São Rafael lilipanda fungu wakangoja maji yajae ndipo likaelea tena. Nikamwambia mume wangu, "Unaona? Hata Mreno na mizinga yake bahari ya kwetu ilimfundisha adabu." Akacheka. Sikujua kwamba kesho yake ni zamu yetu.

Pangani ni mji uliochoka kwa uzuri, majumba ya zamani yanatazama mto uliotoka huko Kilimanjaro na Meru. Abushiri aliyewapiga Wajerumani 1888 alinyongwa hapa Desemba 1889. Wakati ule tulivuka mto kwa pantoni hadi Bweni, tukaendelea mpaka Ushongo. Jamani Ushongo! Mchanga mrefu, minazi, kelele za mji hakuna. Tulipata kibanda karibu na maji, na jioni ile tukapanga safari ya Kisiwa cha Maziwe.

Maziwe si kisiwa kama mnavyofikiri. Ni fungu la mchanga katikati ya bahari, kiasi cha kilomita 8 kutoka mdomo wa Mto Pangani, lenye matumbawe pembeni. Serikali ililifanya eneo tengefu mwaka 1975. Zamani kilikuwa kisiwa kweli chenye mivinje, na kasa wa aina tatu walikuwa wanapanda kutaga pale. Bahari ikala ardhi kidogo kidogo, na kufika mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha. Leo maji yakipwa unatembea juu ya mchanga. Maji yakijaa, hasa wakati wa bamvua, kisiwa kinazama chote usione kitu.

Tuliondoka saa mbili asubuhi. Nahodha wetu alikuwa mzee mwenye mvi, mpole, wa maneno machache. Tulimwamkia, naye akatukagua kutoka juu hadi chini halafu akatupa laifu jaketi. "Mwezi mpevu, wanangu," alisema. "Leo bamvua. Maji yatakupwa sana, mtaliona fungu lote. Lakini yakianza kurudi hakuna mjadala, tunaondoka."

Tulipofika karibu na matumbawe akatia nanga. Maji yalikuwa meupe kama kioo, unaona chini mpaka mchanga. Samaki wa njano, wa buluu, wenye milia, kama zile picha za Barbados, nawaapia. Mzee akatugawia miwani na mirija. "Haya, nani anaanza?"

Kimya.

"Tangulia mume wangu," nikasema. "Si wewe ndiye samaki?"

"Hapana bwana, tangulia wewe mwenyeji. Wageni tunafuata."

"Mwanamume ndiye anatangulia."

"Leo ni wanawake kwanza."

Tulikwenda hivyo kama dakika tano. Mzee anatuangalia tu, na kijana wake amegeuka upande wa pili, mabega yanatikisika kwa kucheka. Mimi nilikuwa na mchecheto wa kuumbuka, na nilichofanya ndicho kinachoniuma hadi leo. Badala ya kusema ukweli, nikamsukuma mwenzangu mbele kwa maneno. Nikasema kwa sauti, mbele ya watu, "Au mtoto wa Mwanza anaogopa maji ya chumvi?"

Uso wake ukabadilika. Akavua laifu jaketi, akaitupa chini. Akasimama ukingoni mwa mashua. Mzee akasema, "Mwanangu, vaa hiyo." Hakumsikia. Nikaona magoti yake yanatetemeka. Wimbi dogo likapita, mashua ikayumba, naye akaanguka ndani, kwa bahati ni ndani, akakumbatia mlingoti kwa mikono yote miwili. Nilipomfuata kumgusa akanipigia kelele: "Niache!"

Miaka kumi na moja hajawahi kunifokea namna ile. Nilikasirika mno. Nikawaza hela zetu, likizo yetu, na aibu mbele ya watu. Mzee hakusema kitu. Akang'oa nanga akatupeleka kwenye fungu, akatushusha. Mume wangu akaenda akakaa mwisho wa kaskazini, mimi nikakaa mwisho wa kusini. Kisiwa kizima tumekigawana kwa kununa.

Mzee akaja kukaa karibu yangu. Akanionyesha mahali kasa hupanda kutaga. Akasema hapa mayai yakiachwa yanazama, kwa hiyo watu wanaowalinda huyahamisha hadi Ushongo, wayafukie pakavu, na baada ya kama miezi miwili vitoto vinatoka na kukimbilia bahari. Akasimulia miaka ya baruti, wavuvi walivyokuwa wakilipua matumbawe pwani hii, na sehemu ambazo mpaka leo hazijapona. Halafu akanyamaza, akasema, "Maji yameanza kurudi, mwanangu. Mwite mwenzako."

Sikumwita. Kiburi! Lakini bahari haina habari na kiburi cha mtu. Fungu likaanza kupungua upande wake, likapungua upande wangu. Kila baada ya dakika chache ananyanyuka anasogea, na mimi nasogea. Mwisho hatukuwa na pa kununiana. Tulijikuta tumekaa bega kwa bega, miguu imelowa, mzee anatuita kutoka kwenye mashua.

Ndipo akasema, akiangalia maji: "Mama mdogo hakufa kwa gari."

Nilijua mama yake mdogo ndiye aliyemlea. Nilijua alifariki ajalini mume wangu akiwa na miaka kumi na mmoja. Wasomaji wangu, mimi ninayewafundisha ninyi kila mwezi jinsi ya kuzungumza na wapenzi wenu, miaka kumi na moja ya ndoa sikuwahi kuuliza ajali gani. Nilisikia neno ajali, kichwani mwangu nikaweka basi, nikafunga mlango.

Alikuwa amekwenda harusini kwenye kisiwa, huko ziwani. Walirudi jioni kwa mtumbwi uliojaa watu. Yeye alikuwa anamngoja ufukweni kwa sababu aliahidiwa maandazi ya harusi. Aliona upepo unaanza, akaona mtumbwi kwa mbali, halafu hakuuona tena. Tangu siku hiyo hajaingia kwenye maji yanayozidi magoti. "Kule Coco Beach nilikudanganya," akasema. "Nilitaka unione kidume. Halafu nikawa sijui nianzie wapi kuirudisha."

Nilimshika. Sikuwa na neno la maana. Nikasema tu, "Na mimi sijui kuogelea."

Akanigeukia. "Nini?"

"Sijui. Sijawahi kujua. Zile za nywele zilikuwa usanii."

Alinitazama muda mrefu. Halafu akaanza kucheka, na kile kicheko katikati kikageuka kilio, kikarudi tena kicheko, na maji yalikuwa yameshafika kwenye vifundo vya miguu, na mzee anapiga miluzi kwa nguvu. Tukakimbilia mashua kama watoto. Tulipokaa, mzee akatufunga laifu jaketi kwa mikono yake, mmoja baada ya mwingine. "Mimi nimezeekea baharini," akasema, "na hii navaa."

Tulipogeuka nyuma, kisiwa kilikuwa hakipo.

Usiku ule tulizungumza mpaka alfajiri, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka hatukutaja ada. Siku mbili zilizobaki mjukuu wa mzee alitufundisha kuelea pale Ushongo, asubuhi maji yakiwa yamekupwa na yametulia, kina cha kiunoni. Kwanza unapuliza mapovu uso ukiwa majini. Pili unalala chali, masikio ndani ya maji, kifua juu, unapumua taratibu. Mwenzako anaweka kiganja chini ya mgongo wako. Mimi nilielea siku ya kwanza. Yeye alikataa siku ya kwanza, na siku ya pili alilala juu ya kiganja changu akihesabu kwa sauti. Alifika kumi, akasimama. Zile sekunde kumi sitazibadilisha na Barbados yote.

Msinielewe vibaya. Hatukurudi Dar tukiwa malaika. Bili bado zipo na kununa bado kupo. Sasa hivi Jumamosi tunakwenda bwawani. Mimi navuka bwawa kwa kuhangaika, yeye bado yuko upande wa kina kifupi, na siku nyingine anasema leo hapana, basi tunakunywa soda tunarudi. Simharakishi. Watoto wetu wote, wa kike na wa kiume, wanajifunza.

Na hilo nalisema kwa uzito. Nchi yetu imelia sana majini: MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, Spice Islander tarehe 10 Septemba 2011, MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018. Kujua kuelea hakuzuii chombo kuzama, lakini kunampa mtu dakika za kungoja msaada. Wenzetu wa Nungwi, Unguja, walianza mwaka 2011, mradi wa Panje ukawafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo za stara mwili mzima. Kwa hiyo shosti, ile habari ya mtoto wa kike haogelei haina tena nafasi.

Sasa kwa mnaotaka kwenda, shikeni haya.

Msimu: nendeni kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi. Oktoba na Novemba ni maleleji, upepo wa kusi umekwisha na kaskazi haijashika, maji yanatulia na kuonekana mpaka chini. Masika ya Aprili na Mei kaeni nyumbani.

Maji: usipange safari ya Maziwe kwa saa ya mkononi, ipange kwa mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, na tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Maji hubadilika kila baada ya saa sita hivi, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Nahodha akisema tuondoke, ondokeni.

Vifaa: laifu jaketi kwa kila mtu, tangu ufukweni, hata kama unaogelea kama panje. Viatu vya maji kwa sababu ya nungu-bahari, wale weusi wenye miiba. Fulana ya mikono mirefu, mana jua la pale halina mchezo. Matumbawe usikanyage, kasa usimguse wala kumwangazia tochi.

Muda ukizidi: kusini ya Ushongo kuna Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambako pori linakutana na bahari. Na mjue mkiwa Tanga mko juu ya nyumba ya silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka tangu enzi za dinosauri, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga wamemnasa pia, na mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Miaka yote hiyo alikuwepo tu, kina kirefu, hakuna aliyeuliza.

Na la mwisho, la nyumbani. Leo usiku mwangalie huyo uliyenaye, chagua kitu kimoja unachodhani unakijua kuhusu yeye, halafu muulize. Usimtanie. Uliza, unyamaze, usikilize.

Shosti wa saluni ameshakata tiketi za basi. Nimemwambia abebe laifu jaketi na maswali. Tukutane mwezi ujao!